Jukwaa la Mwamkulu

Jumatatu, 1 Julai 1996
Udongo tena. Mikono imechubuka, mgongo unauma, furaha tele. Msaragambo wa kijiji kizima wa kujenga jukwaa unaendelea vizuri. Mzee Masanja ametoa ng'ombe na mkokoteni wake bila kubembelezwa. Mwenye basi amesema wazi: wanawake wetu wakigombania mlango na matenga yao ya nyanya, gari linachelewa. Hali ikiwa hivyo hadi Jumamosi, halitasimama tena Mwamkulu. Watakwenda sokoni Mpanda kwa miguu. Shangazi Pelagia, aliyenisomesha kwa nyanya hizo, magoti yake hayawezi tena. Kwa hiyo jukwaa: abiria asimame usawa wa sakafu ya basi, aingie kwa foleni. Niliona picha ya jukwaa kama hilo chuoni, katika jarida. Mji mmoja wa Brazili.

Jumatano, 3 Julai
Nimebishana na mwenyekiti wa kijiji kuhusu foleni. Anadai foleni ni mambo ya mjini. Nikamweleza historia ya miji tangu Roma. Akasinzia. Nimeuhesabu kuwa ushindi. Wengine wawili waliuliza kuhusu upande wa jukwaa. Niliwakata kauli: picha ninayo kichwani.

Alhamisi, 4 Julai
Limekamilika. Limeshindiliwa, limezungushiwa magogo, limenyooka. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko hii, tasnifu yangu ikiwemo.

Ijumaa, 5 Julai
Aibu. Basi lilikuja likielekea mjini. Watu wamejipanga juu ya jukwaa, mimi mbele yao na tai shingoni. Aliyesimama usoni petu akawa dereva, mikono kwenye usukani. Mlango ulikuwa upande wa pili. Brazili magari hupita kulia, kwetu kushoto! Niliijenga picha kama ilivyo. Foleni ikavunjika, watu wakalizunguka gari mbio, vurugu kuliko zamani.

Dereva akatoa kichwa. "Msomi, niwapokee hapa dirishani?"

Walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, baadaye, peke yangu. Lakini kesho ndiyo Jumamosi.

Jumamosi, 6 Julai
Asubuhi basi hutoka mjini likiwa karibu tupu, hutupita, hugeuzia uwanja wa shule huko mbele, kisha hurudi kupakia. Leo mwenye basi mwenyewe alikuwamo. Aliteremka kulikagua jukwaa, nikaanza kujitetea kwa hoja tatu. Nilipofika ya pili, Shangazi alikwisha kuingia garini na tenga lake, kama anayeingia jikoni kwake. Safari hii mlango ulikuwa umetuelekea sawasawa. Konda akamwambia gari haliendi mjini, ndiyo kwanza linatoka.

"Si litageuza, mwanangu? Nageuza nalo."

Wote wakamfuata, mmoja mmoja, kwa foleni. Nauli ikakusanywa hukohuko kwenye kugeuza. Liliporudi lilisimama kumchukua mwenye basi tu. Akalizunguka kuufuata mlango, akicheka. "Kituo kibaki, Msomi. Ila daraja usijenge."

Hoja ya tatu sikuitoa. Ilikuwa nzuri.

Jumapili, 7 Julai
Hakuna basi leo. Baada ya ibada nilikwenda na kitabu kukaa jukwaani. Mke wa Mzee Masanja ameanika mpunga kuanzia mwisho mmoja hadi katikati. Nikahamia upande uliobaki, nikasoma hadi jua lilipopungua, kisha nikamsaidia kuukusanya.