Mama, Siachi Kukanda

Themi, Arusha
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na kile kikohozi kimekuacha. Mimi ni mzima. Ni baridi ya Meru tu inayonilaza na soksi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kaka Deo akipokea anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, na haya ni yako peke yako.

Uliponiambia niache kazi na nirudi Mbinga, kwa kuwa shangazi amekwambia masaji ni kazi ya wanawake wasio na haya, sikukujibu. Katika daftari langu niliandika mstari mmoja: "Leo mama ameona haya kwa ajili yangu." Halafu sikuandika tena siku nne, na wewe unajua nisivyopenda kuacha kurasa tupu. Acha nikueleze kazi yenyewe.

Wateja wetu wengi ni watalii walioshuka mlimani, miguu imekakamaa kama kuni. Wanalala, ninawakanda, wanasinzia, wanaondoka. Chuoni tulifundishwa tusizungumze na mteja, tusije tukamkatizia mapumziko. Sheria hiyo niliishika kama amri ya Mungu.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja wa Akheri, ameletwa na mkwewe baada ya soko la Tengeru. Kwao wanamwita Koko, yaani bibi. Bega lake la kulia lilikuwa limekaza, hawezi kufikisha mkono kichwani kujifunga kitambaa. Nikamwamkia, nikamlaza, nikamfunika khanga, nikapaka mafuta na kuanza kazi kimya kimya.

Baada ya muda akauliza, "Wewe binti, tumegombana?"

"Hapana, Koko."

Nikanyamaza tena. Mara akainuka, akajivutia khanga, akamwita mkwewe: "Nifunge kitambaa twende. Huyu ananiosha, na mimi bado sijafa!"

Mkwewe aliniambia mlangoni, anacheka kwa aibu, "Usikasirike, dada. Koko husema anayeguswa na watu walionyamaza ni maiti."

Hapo nilikukumbuka wewe, mama. Nilipokuwa nakuchotea maji ya moto ukiwakanda waliojifungua, mdomo wako haukupumzika. Unauliza mtoto amenyonyaje, unawasema waume zao, unawachekesha mpaka wanasahau maumivu. Mimi niliona ni umbeya. Kumbe ulikuwa unasikiliza! Aliyekatisha maneno ghafla, ulijua umegusa panapouma.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Akheri. Nilimkuta Koko migombani, anakatia ng'ombe majani kwa mkono wa kushoto.

"Umekuja kumalizia kuniosha?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Koko."

"Haya, njoo. Mama yako ni nani?"

Akaketi kwenye kigoda, mimi nikasimama nyuma yake, nikamkanda huku nikimpa habari zako, hata ile siku ulipomfukuza kwa mwiko yule mume aliyekuwa anachungulia dirishani. Alicheka mpaka bega likalegea lenyewe. Nilipokaribia shingo akanyamaza, nami nikapunguza nguvu. Akashusha pumzi, akasema, "Sasa huyo mama yako ndiye anayenikanda. Wewe umetumwa tu kuleta mikono."

Tangu hapo anakuja kila Jumamosi. Mkono umefika sikioni, kichwani bado. Nami siku hizi nawauliza wateja wote habari za safari yao, na anayetaka kimya ninamwachia kimya chake.

Sitakuficha, wapo wanaume wanaokuja na maneno machafu. Huonyeshwa mlango; mmoja nilimwonyesha mwenyewe, viatu vikiwa mkononi. Lakini siachi, mama. Nimekutii katika mengi, katika hili unisamehe. Ya shangazi ningeyabeba. Yako ndiyo yananilemea, kwa sababu kazi hii nilianza kuiona kwako, na kila ninapomgusa mtu nataka nijue kwamba huioni mikono yangu kuwa michafu.

Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie bado nasali rozari. Msalimie baba mdogo, kaka Deo na mkewe, na mdogo wetu Fausta, akazane na hesabu. Hata shangazi msalimie. Sina kinyongo naye.

Nimepewa likizo baada ya Pasaka, nitakuja. Miaka yote umekanda migongo ya kijiji kizima, na sikumbuki hata siku moja kumwona mtu akikukanda wewe. Nitatandika mkeka chumbani kwako na kuchemsha maji. Huna haja ya kuniandikia jibu. Ukilala mkekani, nitakuwa nimejibiwa.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Konsolata