Mama Zawadi Upande wa Majani

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano
Tena mukono wa kuume. Tulisimama Rwekubo kununua chumvi. Kutoka pale nikashika kuume ya barabara, kama kwetu Uvira. Barabara tupu. Mutu wa boda akatokea mbele na pikipiki yake, akajitupa mu majani. Hakuumia. Sukari yake yote ikamwangika.

Afande, askari wa zamani wa kambi ya Makenke, ndiye ananifundisha kuendesha. Akazima gari yeye mwenyewe. "Wewe kijana, hii si Congo, Uganda tunashika kushoto. Utaua mutu bure." Nikirudilia, hanipeleki Ijumaa mtihani wa permi, ile ruhusa ya kuendesha. Bila permi, Mama Zawadi, muchuuzi wa maharagi, hawezi kunipa pikapu yake niendeshe.

Jumanne, tarehe 6
Nasikia haya. Sikutoka nje.
Magari ikiwa mingi sikosei, nafuata wengine. Nakosea fasi barabara iko tupu, nikitoka kusimama. Baba alikuwaka shofere Uvira, nilikaa pembeni yake tangu mutoto. Mwili unarudi kule peke yake. Watu wanasema ajali ni mbio na pombe. Miye sikukunywa. Nilienda polepole.

Jumatano, tarehe 7
Mama Zawadi amepata dawa. Anakaa pembeni yangu. Kila tukitoka kusimama, ananyoosha mukono dirishani. "Nikishika majani, uko sawa. Nikikosa, nakupiga kofi." Afande nyuma akacheka: "Eh, iko sawa. Dereva kwa katikati, abiria kwa nyasi."
Siku nzima sikupigwa.

Alhamisi, tarehe 8
Mvua. Udongo unateleza kama sabuni. Breki kidogo kidogo, gari ya mbele iwe mbali. Simu yangu iko mu kikapu cha Mama Zawadi, isinivute macho.

Ijumaa, tarehe 9
Mtihani, Mbarara. Mtahini mukali. Kule Nyamityobora akaniambia nisimame, halafu nitoke. Barabara tupu. Mikono ikaanza kwenda kuume. Majani hakuna, Mama Zawadi hakuna. Nikamutazama mtahini: yeye awe kwa mufereji, miye katikati. Nikarudisha usukani.
Nimepita. Afande alinunua soda tatu, akakunywa mbili.

Jumatatu, tarehe 12
Jana nilimupelekea yule wa boda sukari. Akanipa chai, tukakaa. Ilikuwa muzuri.
Matairi nimeangalia, breki pia. Maharagi ya soko imefungwa. Mama Zawadi ameshakaa fasi yake, dirisha wazi, majani mu mukono. Lazima niende sasa: mawingu inapanda upande wa ziwa, nataka tufike kwa lami udongo ungali mukavu.