Treni ya Obed

Mwenzangu Tulia, huyu Obed wa Kawetele ni zuzu kuliko tulivyodhani.

Si kazini kwake walimtuma Bolivia akapige picha treni ya milimani? Huko hakuna hata mgomba, mawe matupu na baridi. Treni yenyewe inapita mara moja kwa wiki.

Leo kawaonyesha picha nyumbani kwao. Reli. Mawe. Reli tena. Dada yake akauliza treni iko wapi.

Eti, "Dereva alinipungia mkono."

"Sasa?" dada yake akauliza.

"Nikaweka kamera chini nikampungia. Mtu anakusalimia, utaachaje kuitikia?"

Kaitikia mpaka behewa la mwisho, Tulia. Na kazi kanyang'anywa.

Mama yake kauliza, "Huyo dereva naye alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, mama."