Koja la Sarathi

Jumatatu, 1 Septemba

Limefika! Gari letu linalojiendesha limeshushwa leo uani pa taasisi, limefungwa nailoni kama godoro jipya. Ni toto tu, ndivyo tunavyoiita bajaji ya betri, kama zile zinazobeba nusu ya mji wetu wa Chandannagar. Ila hili halina usukani wala kiti cha dereva, na juu ya paa lina jicho la leza, kubwa kama kopo la rangi, linazunguka na kuona pande zote. Profesa Lahiri amelipa jina Sarathi, yaani Dereva. Gari lisilo na dereva linaitwa Dereva! Nilicheka. Akanitazama juu ya miwani, nikageuza kicheko kikawa kikohozi.

Halafu akanipa habari yenyewe. Wageni wa Denmark wenye fedha za mradi wanakuja mwezi huu kumwona Sarathi akitembea Barabara ya Stesheni. Akiwapendeza, mkataba wangu unaoisha Oktoba utaongezwa. "Asipowapendeza, Mohua, mimi na wewe tutauza chai." Yeye hata maji ya kunywa hajui yanachemshwaje.

Sijamwambia Mjomba Subal. Anaendesha toto kwenye barabara hiyo hiyo. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye betri zake.

Jumatano, 3 Septemba

Tumemtoa Sarathi matembezi ya kwanza. Mimi ndani peke yangu, kompyuta mapajani, kama bibi harusi aliyekimbiwa. Madereva wa kituo cha stesheni wakatuzunguka.

"Dada Mohua, dereva wako kaenda kujisaidia?"

"Mchana anakula nini huyu?"

"Akigonga mtu, tumpige nani?"

Hilo la mwisho ni swali zuri kuliko yote niliyosikia kwenye mikutano yetu. Nimelitia kwenye ripoti. Profesa atalifuta.

Sarathi ana adabu kupita kiasi! Alimpisha bibi mmoja, akampisha mbuzi, akaupisha mfuko wa plastiki uliokuwa unapeperuka. Akampisha Kalu, mbwa wa muuza chai — naye Kalu akaona ni heshima, akalala palepale mbele ya gurudumu. Tukasubiri aamke. Ndipo kunguru akatua juu ya jicho la leza, na Sarathi akagoma kabisa. Akizibwa jicho, kwake dunia nzima ni ukuta.

Madereva walivunjika mbavu kwa kicheko. Mjomba tu hakucheka. Alikuwa anafuta kiti cha toto yake kwa kitambaa, polepole, huku akimtazama kunguru.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya kuhoji abiria. Jua kali, dodoso refu, soli imeachia. Bibi Annapurna, muuza samaki, alikubali kunijibu akiwa anapara magamba.

Nikasoma: je, angependa usafiri wa kisasa, safi, usio na dereva?

"Utanishikia beseni nikipanda?"

Hapana.

"Utanisubiri nikirudi ndani kutafuta ndala?"

Kidogo tu, nikasema.

"Utaniuliza mwanangu anaendeleaje na mguu wake?"

Kwenye dodoso hakuna kisanduku cha jibu hilo. Nikatia alama kwenye "Hana uhakika". Mtu mwenye uhakika kama yule sijawahi kumwona!

Jumatatu, 8 Septemba

Tarehe imetoka. Kumi na saba! Nilipomwambia mama, mwiko ulimponyoka.

"Siku ya Vishwakarma? Huyo profesa wako kazaliwa wapi, mwezini?"

Siku hiyo hata cherehani ya mama haiguswi. Mungu wa mafundi anashuka kuvikagua vyombo vyake, na kila mashine inaoshwa, inavishwa koja la maua, inapumzishwa. Watu wanarusha tiara na kula mpaka mkanda unalegea. Kuiendesha mashine siku hiyo ni kama kumtuma bibi yako kuteka maji siku ya harusi yake.

Nikadhani Profesa kasahau, nikaenda kumkumbusha. Hakusahau! Alitabasamu kama paka aliyetoka jikoni. "Fikiri, Mohua. Siku hiyo hakuna toto hata moja barabarani." Wageni watamwona Sarathi akiteleza toka stesheni hadi mtoni bila kusimama, na watarudi kwao wakiamini kaziweza barabara zetu. Nani atawaambia kwamba walikuja siku moja tu ya mwaka ambayo barabara ni tupu?

Ule ujanja — kidogo nimpigie makofi. Kisha akanipa pendekezo la kuwapa wageni, nilichape. Ukurasa wa mwisho: mradi ukipita, toto zote ziondolewe Barabara ya Stesheni kuanzia mwaka mpya.

Nimechapa. Nimechapa vizuri, bila kosa hata moja. Sijisikii vizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwambia Mjomba. Sikuweza tena. Nilimkuta anatia maji kwenye betri, nikamgusa miguu kwa heshima, nikasema yote kwa pumzi moja: wageni, siku yenyewe, ukurasa wa mwisho. Akafunga kifuniko cha betri. Akafungua tena, akafunga tena.

"Likitembea, wewe kazi unapata?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Lisipotembea?"

"Nauza chai na Profesa."

"Chai yako siwezi kuinywa, mama. Basi litembee tu." Akacheka, akanipiga kofi la kichwani kama zamani. Akasema yeye atatafuta barabara nyingine, Chandannagar si nyembamba. Uongo! Kila kona ina wenyewe, na wanapigana hata kwa ajili ya kivuli. Nimerudi nyumbani nalia barabarani kama mtoto, na Kalu ananifuata.

Jumapili, 14 Septemba

Afadhali nicheke kidogo. Profesa kaniagiza ninunue vitamu vya kuwakirimu wageni, "kitu cha heshima, Mohua". Nimeagiza jolbhora. Kwa nje ni sandesh imara, kitamu cha maziwa, ina sura ya mtu mzima. Tumboni ina maji ya waridi. Wazee wanasema ilibuniwa hapa kwetu makusudi ili kumfedhehesha bwana harusi: anauma mbele ya wakwe, inamrukia kifuani.

Profesa si mtu wa vitamu. Hakuuliza. Nami sikusema.

Jumanne, 16 Septemba

Mjomba kaja asubuhi na wenzake wawili, wamevua viatu mlangoni kana kwamba nimekuwa mtu mkubwa. Wana ombi. Kesho kuhani anabariki toto zote pale kituoni. Wamefikiria, wakaona si vizuri Sarathi akose. Naye ni mashine, naye ana kazi ngumu kesho. Wanaomba avishwe koja kama wenzake.

"Ili kazi yako ifanikiwe," akasema Mjomba. Macho yake meupe kabisa, hayana hila.

Nikamkumbuka kunguru.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi: nilijua. Wao wanaona maua, mimi naona ukuta pande zote. Ningeweza kusema, Mjomba, mvisheni shingoni tu, chini huku. Ulimi ulikuwa tayari. Nikasema, "Mvisheni kichwani, Mjomba. Koja nene. Msimbanie."

"Kichwani?"

"Ndiko kwenye heshima."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Nimechukua baraka ya mzee nikaifanya mtego! Lakini mtego huo unamnasa nani, Profesa au mimi mwenyewe? Mama anauliza mbona sili.

Jumatano, 17 Septemba

Asubuhi. Sarathi nimemfikisha kituoni mapema. Profesa kawafuata wageni hotelini Kolkata. Toto zote zimepangwa mstari, zimeoshwa, zinang'aa. Sanamu ya Vishwakarma kakaa juu ya tembo wake, mikono minne, na spika inapiga muziki hadi meno yanatikisika. Anga limejaa tiara.

Kuhani kamaliza toto, kafika kwa Sarathi, akasita. Akaniuliza atie wapi unga mwekundu, maana gari halina usukani. Mjomba kamwonyesha kioo cha kamera ya mbele. Kisha Mjomba mwenyewe kapanda juu ya kiti, akaliviringisha koja kwenye jicho la leza, mara mbili, mara tatu, akalifunga kwa uzi. Maua ya rangi ya machungwa, manene kama mto wa kulalia. Amependeza kweli, Sarathi wa watu!

Nilipiga picha.

Mchana. Niko ndani ya Sarathi. Naandika kwenye goti, wanadhani nakusanya takwimu.

Walifika. Bi. Merete, mkubwa wa wageni, shati jeupe la kitani, kafurahi mno kuona maua, kajipiga picha na kuhani. Wakapanda yeye na mwenzake. Profesa akatoa hotuba: usafiri safi, mji wa kesho, barabara zetu zenye msongamano! Barabara nyuma yake tupu kabisa, Kalu kajinyoosha katikati. Akabonyeza kitufe.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kompyuta yangu ikaandika: vizuizi pande zote. Profesa akainua macho, akaona koja limefungwa wapi. Nilimwona akielewa. Rangi ikamtoka polepole, kuanzia masikio.

Bi. Merete akauliza tatizo ni nini. Nikamkaribisha jolbhora. Akauma. Maji ya waridi yakaruka mpaka kwenye tai ya mwenzake! Madereva wakashangilia kama goli. Mwanamke yule akajitazama shati, akacheka mpaka akashika ubavu, akaomba nyingine. Nampenda.

Akawauliza madereva: basi kwa nini mmoja wenu asitufikishe mtoni kwa toto yake? Nikatafsiri. Wakaangaliana. Mmoja akamjibu kwa heshima zote: "Mwambie mama mgeni, leo mashine zimepumzika. Karibu ale nyama."

"Mpaka lini?"

"Kesho. Kesho kutakuwa na toto mpaka achoke! Atashindwa hata kuvuka barabara."

Nikatafsiri na hilo pia. Neno kwa neno. Bi. Merete akaacha kutafuna. Akaitazama barabara tupu, akazitazama toto zilizopangwa mstari, akamtazama Profesa. "Kwa hiyo kila siku si hivi?" Profesa akaona kuna tiara ya kutazamwa angani.

Sasa kaninong'oneza dirishani: "Mohua. Toa hayo maua." Nikamwambia atoe mwenyewe. Hawezi! Mtu asiyeamini chochote isipokuwa grafu, na walipofika, baragumu la kuhani lilipolia, niliuona mkono wake ukienda kwenye paji la uso. Kuvua koja lililobarikiwa, mbele ya kuhani na kituo kizima? Anataka mkono uwe wangu.

"Mkataba wako, Mohua." Hiyo ni mara ya pili.

Uzi ni mmoja tu. Nikiunyoosha mkono naufikia. Nikiukata, Sarathi anaondoka, kazi ninayo, na mwaka mpya Mjomba hana barabara. Nisipoukata, nauza chai.

Mjomba kasimama mbele kabisa, viganja vimekutana kifuani, midomo inacheza. Anamwomba Vishwakarma gari la mpwa wake litembee. Mzee wa watu! Siwezi kumtazama. Namtazama. Kafumba macho —

La. Kafumba moja.