Rangi za Siku Sitini

Kijiji cha Mgori,
S.L.P. 47,
Singida.
14 Septemba 1975

Mpendwa Mama Mdogo Theresia,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwa siku sitini nimeandika uongo kwenye kadi ya hospitali ya Baba, na mwishoni mimi ndiye niliyemfichua kwa daktari.

U mzima lakini? Kifua cha mdogo wangu Hana kimepona? Hapa uwele tumemaliza kupura, na Mama hajambo mwilini.

Baba ndiye mgonjwa. Tangu apatikane na kisukari, kila asubuhi nachemsha mkojo wake na dawa ya bluu tuliyopewa. Ukibaki bluu, hakuna sukari. Ukigeuka kijani, njano, chungwa, hadi nyekundu ya matofali, sukari inazidi. Siku nyingi ulikuwa matofali. Baba akaniambia, "Andika bluu, usinitie aibu." Nikaandika. Rangi za kweli niliziweka kwenye daftari langu la hesabu la darasa la saba.

Sukari ya duka ameacha kweli, na anajisifu. Lakini asali ya mizinga yake anamaliza bakuli. Anasema daktari alikataza sukari, hakutaja nyuki. Nikimzuia, kaka yake, Baba Mkubwa Mughwai, hucheka: "Mwanamume aache mzinga wake kwa rangi ya mkojo? Binti, shule imekuharibu." Kicheko kile nakichukia. Kidonda cha mguu wa Baba kinanuka tangu mavuno.

Siku tatu kabla ya kwenda hospitali Baba hula mlenda na ugali kidogo tu. Basi safari hii pia mkojo uliopimwa hospitali ukatoka bluu, na kadi bluu tupu. Daktari akamsifu, akataka kumpunguzia dawa. Baba alipokwenda kusafishwa kidonda, nikatoa daftari. Bluu nilikuwa nimeihesabu sifuri, matofali nne. Jumla 186, gawanya kwa sitini: tatu nukta moja. Daktari akairudia hesabu kwa kalamu yake. Akasema, "Bluu ya leo ni ya leo. Huu wastani ndio ugonjwa wenyewe. Ningepunguza dawa, mguu huu tungeukata."

Baba aliambiwa tu kwamba nyumbani wamesema kweli, na kwamba ataanza sindano. Tulipofika nyumbani, akidhani Mama ndiye aliyepeleka habari hospitali, akamwambia, "Umeniuza." Wiki ya pili sasa anakula kwa Baba Mkubwa, kwenye asali. Mama hajibu, naye hata kusoma kadi ile hajui. Nina hasira na Baba, nina hasira na Mama kwa kunyamaza, na zaidi na mimi ninayepakua chakula uso nimeinamisha.

Nisalimie Baba Mdogo Naftali. Mungu awalinde huko Mwanza, mlale na kuamka salama.

Tarehe mbili Oktoba namrudisha Baba hospitali, sisi wawili tu. Nitamwambia mbele ya daktari kwamba ni mimi. Barua zako mimi ndiye humsomea Mama, lakini mara nyingine hupokewa na jirani, naye ndiye humsomea. Mama akijua, atasema ni yeye ili nisipigwe. Kwa hiyo usiliandike hili popote, wala usimwambie Baba Mdogo. Nataka Baba alisikie kwangu.

Mwanao akupendaye,
Cecilia