Kisahani Kimoja Nyuma ya Mayai ya Kuku

Jumatatu, 4 Machi 1974

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Mkuu wa Maabara, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wafanyakazi wenzangu — hivyo ndivyo nitakavyoanza mkutanoni Jumamosi. Kwa utulivu. Sauti isitetemeke.

Leo nimefungua mashine ya joto, nikakuta trei za mayai ya kuku! Ni ya mradi wa kuku wa tawi la chama, kule Bunju. Visahani vyangu vimetupwa mezani, baridi. Ndani yake, vifuko vya mayai tulivyovitoa kwenye ovari za mbuzi wa machinjioni, tukavilea wiki kadhaa — vyote vimekufa.

Funguo ni mbili. Wangu na wa Zubeida, mwenzangu wa maabara.

Jumanne, 5 Machi

Hakukana. Kamati ya tawi ilimwomba afungue, anasema. Kuku ni chakula cha watu, vifuko havionekani hata kwa macho. "Shoga yangu, mie ningesemaje?"

Ungesema hapana, Zubeida.

Sisi wawili ndio tuliookota mwani Kunduchi maji yalipokupwa, tukauchemsha mpaka ukatoa ute. Juu ya kioo kitupu kifuko hubonyea, kikatandaa, kikafa. Ndani ya ute hubaki mviringo, kama kwamba bado kimo mwilini mwa mbuzi. Yeye ndiye aliyekiona kwanza kikikua. Tulikumbatiana! Mbuzi bora akichinjwa, mayai yake yasife naye — hayo yalikuwa maneno yake, si yangu.

Mchana Ndugu Kondo, katibu wa kamati, kaniuliza mbele za watu: eti dada Eufrazia, hivyo vyako vikianguliwa, tuvimwagie pumba au mtama? Wakacheka.

Zubeida naye alicheka.

Alhamisi, 7 Machi

Kipo kimoja!

Rafu ya chini, nyuma ya trei. Kifuko ki hai, kimekua. Lakini mayai ya kuku sharti yageuzwe kutwa, na kila anayegeuza huacha mlango wazi akipiga soga. Joto linashuka. Kikiendelea hivi hakitafika Jumatatu.

Nani alikiacha? Sijauliza. Ikiwa ni Zubeida, basi alijua alichokuwa akikitenda alipovitoa vingine.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika ukumbini, mezani pa mbele. Nimekwisha kusema.

Nimewaambia: sipingi kuku, wala siipingi kamati. Napinga kufunguliwa kwa siri mlango tuliokubaliana sote kuufunga. Kwa hiyo, ndugu zangu, mayai haya yahamishwe leo hii. Ndugu Kondo anao kuku wanaoatamia nyumbani kwake Kimara, watayapokea. Na ufunguo wa pili urejeshwe mbele ya mkutano. Anayekubali anyooshe mkono.

Mkuu wa Maabara kanyoosha. Mwingine. Nyuma mtu kalia kama jogoo, akanyamazishwa. Kondo anatazama dari.

Zubeida kasimama. Mkono hakunyoosha. Anakuja mbele, anafungua pindo la khanga, ufunguo ule pale —

Hanitazami.

Anamuuliza Kondo, si mimi, auweke wapi.