Nesi Tuliyeiga Sahihi Yake

Hamdi shika simu! Nimekwisha!

Ile kadi ya chanjo ya taifodi ulinijazia jana dukani kwako, ukaweka jina na sahihi ya nesi kutoka kwa kadi ya kliniki ya mtoto wako? Huyo nesi yuko hapa! Siku hizi ndiye anakagua kadi za wafanyakazi wapya hapa kiwanda cha maziwa.

Ameangalia sahihi. Akaniangalia. "Wangeci, mimi nilikuchanja lini?"

Ati alinichanja lini, Hamdi!

Ameenda na kitambulisho changu, akasema nisitoke kwa hii benchi. Askari amefunga geti. Kazi nimeshaiaga, sasa naogopa polisi.

Aliuliza ni nani aliandika. Akauliza tena, polepole.

Funga duka, Hamdi. Nimekutaja.